Mfuko Tumboni, Pikipiki Bandani

Nianze na harufu, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo kwanza na ndiyo watakayokudanganya zaidi. Kama umeambiwa wiki hii kwamba watakuondolea njia ya haja kubwa na kukufungulia tundu tumboni, utaambiwa pia kwamba mifuko ya siku hizi hainuki. Inanuka. Ikishika vizuri hainuki sana. Ikiachia, chumba kizima kinajua, na wewe unajua kwamba kinajua. Nimevuka misimu miwili ya mvua nikiwa nayo, dripu za saratani zimekwisha, vipimo vya mwisho vimekuja safi, ndiyo maana leo nimekaa kuandika. Ningeandika wakati ule, yangetoka matusi matupu.

Naitwa Idi. Kwetu ni Kondoa, lakini nimejenga Dodoma mjini, upande wa Nkuhungu, na mkate wangu unatokana na kupima viwanja. Hiyo ndiyo kazi. Raha yangu iko nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati ambamo mimi na rafiki yangu Dilip tunafufua pikipiki kuukuu. Dilip ana duka la vyuma na mabomba mjini, babu yake alilifungua, na tangu tukiwa vijana hatujawahi kuongea habari nyingine kwa zaidi ya dakika chache. Tunazitafuta zile pikipiki ndefu walizokuwa wakipewa mabwana mifugo zamani. Nyingi tunazikuta Mpwapwa, zimelala chini ya mabanda, kuku wametagia kwenye tangi. Tunazivua taa, vioo, madigadi na kiti cha abiria. Tunachonga kichwa cha silinda, tunabadilisha sproketi, tunainua shokapu, tunakata ekzosi iwe fupi. Zikitoka hapo haziruhusiwi barabarani, wala hatuzipeleki huko. Tunazibeba kwenye pikapu ya Dilip mpaka ng'ambo ya bwawa la Hombolo, kwa mkulima mmoja wa zabibu aliyetuachia kipande ambacho mizabibu ilikataa, na hapo tumechonga njia ya vumbi ya kushindania sisi na wenzetu wachache, mavuno yakishapita.

Kwa hiyo damu ilipoanza kutoka chooni, nilidhani ni kiti. Kiti cha pikipiki ya mashindano ni kama ubao. Nikasema ni bawasili, nikanunua unga fulani sokoni, nikanywa. Unga ule ulikuwa na ladha ya majivu na ulinifanya niharishe mbele ya mteja, kwenye kiwanja kisicho na hata kichaka. Mke wangu, Mwanahawa, ndiye aliyeona shuka.

"Baba Rehema, hii ni nini?"

"Bawasili."

"Bawasili haimkondeshi mtu. Vaa, tunakwenda hospitali."

Nataka niseme juu ya ile korido, maana utakaa pale sana. Mabenchi yamepakana, kuna televisheni inayoonyesha watu wakicheka bila sauti, na kila aliyekaa pale ana tatizo la chini. Lakini hakuna anayelitaja. Ukimuuliza jirani yako anaumwa nini, anasema tumbo. Na wewe ukiulizwa unasema tumbo. Korido nzima ya watu wazima wanaodanganyana huku wamekalia tako moja. Nilichukia kila kitu pale: sabuni ya sakafuni, pumzi za watu, mlango uliokuwa ukifunguliwa nusu na kuita jina la mwingine.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine amemzidi binti yangu Rehema miaka michache.

"Shikamoo baba," alisema. "Vua suruali, lala ubavu, vuta magoti juu."

Nikaitikia marahaba huku navua suruali. Sijawahi kuitikia salamu kwa aibu namna ile. Akavaa glovu, akapaka mafuta, na mimi nikatazama ukutani palipokuwa na doa lenye umbo la kisahani cha chai. Alipotoa kidole alivua glovu, akaanza kuandika karatasi ya vipimo.

Vipimo vilipokamilika alituita wote wawili. Alisema ni saratani, na uvimbe uko chini mno. Wakiukata hawatapata pa kuunga. Watanishona kule nyuma, na choo kitatokea tumboni, upande wa kushoto.

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Maisha yote, baba."

"Na pikipiki?"

Alimtazama Mwanahawa kama mtu anayeomba msaada.

"Mjibu," Mwanahawa alimwambia. "Ndicho anachotaka kujua."

"Kidonda cha nyuma kitachukua muda mrefu kupona. Kukaa tu kutakuwa kazi. Ya pikipiki tutaongea ukifika huko."

Walinipasua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mawingu ya kwanza. Nilipozinduka nilikuwa na kiu na nilihisi haja kubwa imenibana. Nikamwambia muuguzi anipeleke chooni. Akaniambia hiyo ni hisia tu, huko hakuna tena mlango. Hisia hiyo ilikaa nami kwa miezi. Unabanwa na haja ya mahali ambapo hapapo, na hakuna namna ya kuimaliza.

Siku walipofungua bandeji ndipo nikakiona. Ni kipande cha utumbo kilichotokeza nje ya ngozi, chekundu, kimelowa, kama ndani ya mdomo wa ng'ombe. Nilitegemea kiwe kimetulia. Hakitulii. Kilijikunja chenyewe, kikajikunjua, kisha kikatema kitu cha kijani mbele yetu sote, bila kuniuliza. Nimeshika oili chafu tangu ujana, nimeokota panya aliyeoza ndani ya kichujio cha hewa kwa mikono mitupu. Siku ile nilitapika, na kutapika kukavuta mshono, na mshono ukanitoa machozi.

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa Kigogo kutoka upande wa Chemba, Mzee Chali. Yeye alikuwa na tundu kama langu tangu zamani, amerudi kwa shida nyingine. Kijijini kwake mifuko haifiki. Alikuwa akifunga mfuko wa plastiki, wa rambo, kwa kitambaa kiunoni, na mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, wanawe wakawa wanampa ya unga waliyoifua. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa imeungua nyekundu kwa sababu ya maji ya choo. Nilikuwa namtazama, na najua uso wangu ulionyesha kinyaa, maana alicheka.

"Unanitazama kama mimi nilivyojitazama mwanzoni," alisema.

"Samahani, mzee. Ulizoea lini?"

"Sijazoea. Nilipata njaa nikala. Nikila, kinatoka. Ndiyo hivyo tu."

Muuguzi alimpa mifuko yangu ya ziada nilipomwomba ampe. Mzee aliigeuza mkononi, akaigusa ile sehemu ya gundi, akaifungia ndani ya shuka yake ili isije ikapotea. Alitoka kabla yangu, na nilisikia baadaye kwamba amefika kwao salama. Nimemfikiria mara nyingi kuliko nilivyowafikiria ndugu zangu wengi.

Nyumbani mvua zilikuwa zimeanza. Watu walikuja kunipa pole, wakakaa karibu na mlango. Walisema naonekana vizuri. Wanawake walishika mitandio puani wakajifanya wana mafua. Nilikuwa nakaa juu ya mto wenye shimo, nimeinama upande mmoja, na lile tundu likaamua kutoa sauti kila ukimya ulipoingia, sauti ndefu, yenye unyevu, isiyozuilika kwa sababu hakuna msuli wa kuizuia. Mgeni mmoja alianza kuongelea bei ya mahindi kwa sauti kubwa ili asisikie.

Mlenda nilishindwa. Mimi niliyekuzwa kwa mlenda na ugali wa uwele, nikiona kijiko kikiinuka na ule ute ukining'inia, nilikuwa naona kile kilichomo mfukoni. Mwanahawa aliacha kuupika bila kuambiwa. Msikitini niliacha kwenda, kwa ajili ya ile sauti nikirukuu na kwa kuona najisi imenigandia. Nilimwuliza sheikh wa mtaani kwetu, nikitegemea anihurumie tu. Hakunihurumia. Alisema, "Wakati wa sala ukiingia, safisha, tia udhu, sali. Kinachotoka bila hiari yako si juu yako. Usiifanye dini kuwa ngumu kuliko ilivyo." Nikasali nyumbani. Ilikuwa nafuu ndogo, lakini nafuu.

Kisha mfuko uliachia kitandani, alfajiri moja. Niliamka tumelowa wote wawili. Mwanahawa aliruka, akasimama katikati ya chumba akiwa ameshika gauni lake mbali na mwili, na uso wake ulikuwa na kile nilichokuwa nakisubiri tangu hospitali. Alibadilisha mashuka. Usiku uliofuata alihamia chumba cha Rehema, ambaye yuko chuoni. Hatukuongea mpaka Ijumaa.

Ni mimi niliyeanza. "Unanionea kinyaa?"

Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Hicho nakionea kinyaa. Sitakudanganya. Wewe nakuonea hasira."

"Hasira ya nini?"

"Umeacha kusema. Umeacha kunyoa. Unakaa hapo kama mtu anayenuka kwa makusudi, ili sisi tukikunja pua upate cha kutulaumu."

Ilikuwa kweli. Akaweka ungo chini.

"Na jambo jingine. Nimekuona ukikata lile tundu la kwenye gundi ya mfuko. Unakata kwa kukisia, na mkasi wa jikoni. Gasketi ya injini unaipima, unaichora, unaikata taratibu, unaijaribisha. Injini ikivuja tone moja hulali. Hii ya mwili wako unakata kama mtu anayekata karatasi ya kufungia karanga."

Niliinuka, naye akanifuata mpaka bandani, mahali ambapo hakuwahi kupenda kuingia kwa sababu ya mafuta. Tukachukua karatasi ngumu ya gasketi. Nilifunua tumbo, yeye akainama na rula ya Rehema. Alikuwa anapumua kwa mdomo, nami pia. Alipima, akachora duara lililobonyea upande mmoja, kwa sababu kile kitu si duara kamili, nikakata, tukajaribisha, tukapunguza, tukajaribisha tena. Tulipomwonyesha muuguzi kliniki alisema ndivyo inavyotakiwa, kiolezo, yaani ile karatasi ya kupimia, kifuate umbo, na kipimwe upya kila mara tundu linapopungua. Mfuko uliokatwa kwa kiolezo kile ulishika tangu asubuhi mpaka siku ya pili. Mwanahawa hakurudi chumbani mara hiyo. Alirudi baadaye, na taulo nene la kutandika upande wangu, na hatukulizungumzia.

Dilip alikuja mvua zikiwa katikati. Hakuwa amekuja tangu hospitali, nami nilikuwa nimeshamkatia tamaa. Aliingia, akasimama, akavuta pumzi.

"Aisee Idi, unanuka."

Mwanahawa alishika kifua. Mimi nilimkodolea macho, kisha nikasikia nacheka, cheko lililouma mpaka kwenye mshono. Dilip alifungua madirisha yote mawili, akavuta kiti mpaka karibu na goti langu.

"Sikuja kwa sababu sikujua niseme nini," alisema. "Mke wangu akaniambia kama hujui, nenda kaseme unachoona."

"Umeona."

"Nimeona. Sasa ile injini pale bandani imefikia wapi?"

"Uza. Uza zote."

"Siuzi. Nikiuza, Jumapili nifanye nini? Niende kwa shemeji yangu akanionyeshe tena picha za harusi?"

Nikamwambia sitakaa tena juu ya kiti kile. Akasema basi tutatafuta kiti kingine. Hakuongeza kitu. Alikaa mpaka chai ikaisha.

Dripu zilianza mwezi huo. Nilikuwa nategemea kutapika, kila mtu hutaja kutapika. Hawakunieleza vya kutosha kuhusu baridi. Dawa niliyopewa mimi inafanya baridi iwe kama umeme. Ukishika chupa iliyotoka kwenye friji unaona kama umeshika waya ulio wazi. Ukinywa maji ya mtungi koo linabana. Na mimi dripu zangu ziliendelea mpaka Juni na Julai, wakati ule upepo wa Dodoma unapopita kila tundu la dirisha. Niliingia bandani asubuhi moja nikashika spana, nikapiga kelele, nikaitupa. Chuma chote kilikuwa adui yangu. Na petroli, harufu niliyoipenda kuliko marashi yoyote, ilinigeuka. Tone moja tu na nilikuwa naegemea ukuta wa nje natema mate. Hilo liliniudhi kuliko nywele zilizonyonyoka, kuliko kucha zilizokuwa nyeusi, kuliko vidonda vya mdomoni. Nilihisi ugonjwa umenifuata mpaka kwenye kitu pekee ambacho hakikuwa chake.

Kwa hiyo injini ile aliifunga Mwanahawa. Nilikaa mlangoni, upepo ukitokea nyuma yangu ili petroli isinifikie, nimevaa soksi za sufi mikononi. Yeye alivaa kanga kuukuu na glovu za kufulia.

"Ile bolti ndefu kwanza. Usiikaze mpaka mwisho. Nenda upande wa pili."

"Kwa nini nisiikaze?"

"Itakunja kichwa cha silinda. Zunguka, kidogo kidogo, zote zipate sawa."

"Mikono yangu inanuka oili."

"Samahani."

"Acha samahani. Niambie inayofuata."

Kuna siku tuligombana juu ya kabureta mpaka akanitupia kitambaa. Kuna siku alikwaruza kidole akalaani kwa Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa, maneno ambayo sijayasikia tangu bibi yangu afariki. Lakini mwisho wa Julai, dripu ya mwisho ikiwa imepita, Dilip alipiga kiki na ile injini ikanguruma, na Mwanahawa akaziba masikio, akalalamika kwamba ni kelele za kipuuzi. Hakuondoka.

Kidonda cha nyuma kilifunga taratibu mno. Nilingoja kiangazi kizima, nikangoja mvua za pili. Daktari yule binti aliniruhusu kwa masharti: nisiruke, nisibebe kizito, nifunge mkanda mpana tumboni. Dilip alitengeneza kiti kwa sponji nene, iliyokatwa katikati ili pale palipoumia pasiguse. Zabibu zilipovunwa tukaenda Hombolo, Mwanahawa akiwa nasi.

Dilip aliniazima koti lake la ngozi la zamani, ili nikianguka tumbo liwe na kinga. Nilikuwa wa mwisho tangu bendera iliposhuka. Sikujali. Petroli ilikuwa imeanza kunirudia, si kama zamani, lakini haikunitapisha. Nilizunguka mara moja, nikazunguka tena, vumbi la wenzangu likiingia mdomoni. Kwenye kona ya mbali, pale kwenye matuta, nilihisi joto likishuka kiunoni.

Nilijua mara moja. Mtikisiko na jasho vilikuwa vimeishinda gundi. Choo kilikuwa kimejaa ndani ya koti, kinatafuta njia ya kwenda kwenye paja. Nilizima injini nikasimama pembeni, na wenzangu wakanipita, mmoja akapunguza mwendo akaniuliza kwa ishara kama nimeharibikiwa, nikampungia mkono aende. Nilitaka ardhi inimeze. Nilijichukia vibaya sana pale, hadharani, jua likiwaka, mtu mzima aliyejiharia kwenye koti la mwenzake.

Mwanahawa alikuja anatembea haraka, na dumu la maji mkono mmoja na mfuko wa vifaa mkono wa pili. Dilip alileta pikapu akaiweka ikinge macho ya watu upande mmoja.

"Vua," Mwanahawa alisema.

"Watu wanaona."

"Waone. Vua."

Nilivua. Alimwaga maji, nikajisafisha, naye akapangusa nisipofika, amekunja uso wake wote. Dilip aligeukia upande wa bwawa. "Mungu wangu, Idi," alisema, lakini hakusogea. Nilijitazama kwenye kioo cha pikapu, nikakausha ngozi, nikabandika mfuko mpya, nikaushikilia kwa kiganja mpaka gundi ikapata joto. Kile kitu chekundu kilikuwa kinacheza kwenye kioo kama kawaida yake. Bado kilinichukiza. Kilinichukiza jana pia, na kesho kitanichukiza.

"Una mzunguko mmoja haujaumaliza," Dilip alisema.

"Wameshamaliza wote."

"Ndiyo. Kwa hiyo hutamnukia mtu."

Nikaumaliza peke yangu, kifua wazi isipokuwa ule mkanda, taratibu kama mtu anayepeleka maziwa. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanapakia pikipiki zao. Nilipenda hivyo.

Mkiambiwa nanyi mtazoea, msisubiri kuzoea ndipo muanze kuishi. Kateni kiolezo. Tafuteni mtu mmoja atakayewaambia kwamba mnanuka na asiondoke. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha.

Jioni ile Mwanahawa aliliosha lile koti uani, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa magadi. Akalinusa. Akaliosha tena. Nikampigia Dilip simu, nikamwambia tunajaribu kuliokoa.

"Silitaki hilo koti," alisema. "Hata mkilinyunyizia marashi."

Tulilichoma nyuma ya banda. Ngozi ile kuukuu ilianza kukunjamana na kutoa moshi mzito wa njano, na harufu iliyotoka pale, ya nywele, ya kwato na ya kitu kilichokufa, ilimfanya jirani afunge dirisha kwa kishindo na kuuliza kwa sauti ni nini kinachooza huko. Ilinuka vibaya kuliko nilivyowahi kunuka mimi. Mwanahawa alinitazama, akatazama moto, akaanza kucheka, na alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.